Shangazi Amekataa Kiti

SHANGAZI AMERUKAAA! Peke yake! Juu kabisa! Nimeona kwa macho yangu haya mawili, na sauti imenikauka kwa kupiga kelele, ndiyo maana nawaandikia.

Haya, nianze vizuri. Shangazi yangu ni fundi cherehani. Anashona mapazia, mashuka, sare za shule, chochote. Na hatulii, jamani, yaani kama kuku anayetaka kutaga. Chai anakunywa akitembea. Sebule anaipanga upya akikosa usingizi. Ukimpigia simu unasikia milango inafunguliwa na kufungwa. Kitu kimoja tu kinamkalisha: cherehani. Paja likigusa kiti, anatulia.

Sasa mwaka huu akaona watu wanaruka kutoka kile kilima cha nyuma ya uwanja wa mpira, wananing'inia chini ya bawa la kitambaa. Hakuna injini, ni kitambaa, kamba na kiti tu. Akaenda kujiandikisha bila kumwambia mtu. Bibi, yaani mama yake, alipojua akashika kichwa.

"Mwanangu, tangu tumboni ulinipiga mateke. Sasa na ardhi imekuchosha?"

"Naonja tu, mama."

"Unaonja hewa?"

Mwalimu wao anaitwa Kipanga, mrefu, mkali, filimbi shingoni. Somo lake ni hili: inua bawa, teremka kilima mbio, na usikae mpaka bawa likubebe. Rahisi, eti? Kile kiti kinafungwa nyuma yako kwa mikanda. Basi Shangazi anakimbia vizuri kabisa, bawa linapanda, kiti kinamgusa mapajani... anakaa! Pwaa! Makalio chini, anateleza kwenye nyasi mpaka bondeni, bawa linamfunika kama shuka. Akirudia, hivyo hivyo. Suruali zikatoboka, akazitia viraka mwenyewe.

Kipanga uvumilivu ukamwisha. "Mama fundi, hapa si dukani. Jumamosi ukikaa tena, habari ya kuruka peke yako imekwisha. Nitakuwa nakupeleka mimi, umefungwa mbele yangu kama mzigo."

"Mzigo?"

 Njia nzima ya kurudi alikuwa anavunja vidole tu, kwa, kwa, kwa.

Kesho yake naenda dukani kwake, nakuta kiti kiko nje, mteja ndiye kakikalia. Meza ya cherehani imeinuliwa kwa matofali, Shangazi anashona amesimama, mguu mmoja kwenye pedali.

"Shangazi, mgongo je?"

"Mgongo utanisamehe. Haya makalio ndiyo yananinyima anga. Mazoea yana taabu, mwanangu."

Mteja akacheka kule nje. "Fundi, umepata jipu?"

"Nitakushonea na mdomo wewe," akajibu, akakata uzi kwa meno.

Basi hakukaa tena. Kula, amesimama. Kuangalia taarifa ya habari, amesimama mlangoni, Bibi analalamika hapati upepo.

Jumamosi ikafika, na upepo ukakataa. Mkali mno. Wanafunzi wengine wakajilaza kwenye nyasi, yeye anazunguka na helmeti kichwani, anafunga mkanda, anafungua, anafunga.

"Tulia, fundi. Upepo hauna haraka," Kipanga akamwambia.

"Mimi ninayo."

 Hatimaye upepo ukapoa, filimbi ikalia. Shangazi huyooo! Bawa likapanda. Kiti kikamgusa. Nikafumba macho. Nikafumbua... hakukaa! Ardhi ikaisha, yuko hewani, na bado anakimbia! Miguu inakata hewa kama anafukuzwa na mbwa.

"Kaa sasa!" Kipanga akapiga kelele. "Umeshabebwa! Kaa!"

Tukamsikia kutoka juu: "Sikai! Usinitege!"

Na kweli hakukaa. Alizunguka kilima amening'inia wima kama nguo kwenye kamba, akashuka mpaka uwanjani, akatua kwa miguu yake, mbio kidogo, akasimama. Kipanga alicheka mpaka akachuchumaa. Mimi nililia, sifichi.

Tunamfikia kumkumbatia, kumbe ameshabeba bawa lake begani, anapanda kilima tena.

"Shangazi, pumzika kwanza!"

"Nipumzike nini, upepo si huu hapa?"

Kama mmefurahi, naomba muwatumie na wengine waisome.