Nilichora maktaba ya Koboko nikasahau mahali pa mtu kulia

Wakuu, salamu kwenu wote. Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, ila leo nimeona niandike. Haya yalinikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na sehemu ya aibu nimeiacha ilivyo. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ni Koboko, mji wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, miaka ya themanini inaelekea mwisho. Watu walikuwa wamerudi kutoka Congo na Sudan walikokimbilia vita, nyumba nyingi bado kuta tupu bila mabati.

Mimi nilisomea ujenzi Kampala kabla ya vita. Uhamishoni nikawa nawachorea nyumba wafanyabiashara wa Kikongo. Niliporudi, kamati ya mji, Waislamu na Wakristo pamoja, ikaniambia: tuchoree maktaba.

Nikachora library niliyoijua mimi. Ukumbi mmoja mkubwa, madirisha mengi, meza ndefu, kimya. Niliipenda sana ile plan.

Tukiwa bado tunachoma matofali, tukaweka vitabu kwenye duka tupu karibu na soko. Masanduku manne kutoka mji wa Arua.

Vitabu havikuguswa sana. Watu walileta barua.

Hilo sikulitegemea. Ndugu zao wengi walibaki ng'ambo, barua zinakuja na madereva wa malori, na wengi hawajui kusoma. Basi nikawa msomaji wa barua wa mji. Nakiri nilipenda. Nasoma kwa sauti, watu wanajaa mlangoni kama wanasikiliza redio.

Siku moja ya soko akaja Mama Amina, mkulima wa kijiji cha Lurujo. Mume wake, askari wa zamani, alibaki Sudan yeye aliporudi na watoto. Alikuja na wifi zake wawili na majirani. Barua ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Soma kwa nguvu," akaniambia, anacheka. "Hawa pia wasikie siku gani anakuja."

Nikasoma kwa nguvu.

Salamu. Habari za watoto. Halafu wakuu, jicho likatangulia mdomo. Niliiona ile sentensi kabla sijaitamka. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema wino umefutika. Lakini nilishashika kasi, na watu walikuwa wananisikiliza.

Nikaisoma. Ameoa huko, ana shamba huko, harudi. Mama Amina arudi kwa baba yake.

Wifi mmoja akacheka, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Mama Amina akachukua barua, akaikunja, akatoka akipita katikati ya wote. Mlango ulikuwa huo huo mmoja.

Wiki kadhaa hakuonekana sokoni. Usingizi ukanipaa. Nikachukua baiskeli hadi Lurujo, nikamkuta anapalilia mihogo. Nikaomba msamaha. Akapalilia kwanza hadi mwisho wa mstari.

"Fundi, barua haikuniua," akasema. "Mimi iko na mikono, iko na watoto. Ile ya kuniua ni kupita kwa watu na machozi. Mutu hana pahali ya kulia."

Kisha akauliza, "Ile nyumba kubwa unachora, mulango iko ngapi?"

"Mmoja."

Akarudi kwenye mihogo yake.

Nikachora upya. Chumba kidogo, meza moja, viti viwili, mlango wa kufunga. Na mlango wa nyuma unaotokea njia ya mashambani. Nikamwomba aje mwenyewe kwenye kamati, akaja. Yeye ndiye aliyedai baraza pana mbele, wanaosubiri wakae huko, wasisikie barua ya mwenzao.

Mwenyekiti wetu, Mzee Rajabu, aliukataa mlango wa nyuma. "Wezi watabeba vitabu."

"Mzee," Mama Amina akamjibu, "kitabu ikipotea, tutaomba ingine Arua. Heshima ya mutu ikipotea, tutaomba wapi?"

Mzee akanigeukia. "Basi weka komeo ya nguvu," akaniambia.

Tulipofungua, baraza lilijaa kuliko ukumbi. Washonaji wakaleta cherehani zao. Mama Amina hakuwahi kunitamkia kwamba amenisamehe, ila siku za soko alikuwa anauzia mihogo yake hapo hapo.

Na mtu wa kwanza kuingia chumba kidogo? Mzee Rajabu.

Alifunga mlango, akatoa barua mfukoni mwa kanzu. Ilikuwa imekunjwa hadi inachanika.

"Ya binti yangu. Iko mwaka mzima," akasema bila kunitazama. "Soma pole pole."

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba hakujua kusoma, wakuu. Mji mzima haukujua hilo.

Barua ilikuwa njema. Binti amejifungua mtoto wa kiume, amempa jina la babu yake. Nikamsomea mara tatu. Akatokea mlango wa nyuma, anajifuta uso kwa kofia.

Mzee ni marehemu sasa, ndiyo maana nimeweza kusimulia.

Nilichojifunza: mimi nilichorea vitabu, watu wakaja na maisha yao. Unayechora jengo la umma, kaa kwanza na wale watakaoliingia, uwaulize wanaogopa nini.

Mafundi wenzangu, na mlioishi West Nile enzi hizo, nasubiri maoni yenu. Anayetaka kunilaumu kwa ile barua anilaumu, nastahili.