Siku Niliyobeba Jeneza Katikati ya Mashindano

Nilibeba jeneza la mtu nisiyemjua, nimevaa kofia ngumu ya baiskeli na suruali ya kubana iliyoonyesha kila nilichojaliwa na Mola.

Na nilikuwa kwenye mashindano.

Tulieni, niwaeleze kisa chenyewe.

Naitwa Kheri, mtoto wa Tiwi. Nina shahada ya maendeleo ya jamii. Nina hotuba nyingi. Kazi sina.

Mwaka jana kampuni moja ya kutembeza wageni huko Diani ilitangaza mashindano ya timu za watu watatu. Mnaanzia Shimba Hills alfajiri kwa baiskeli, mnateremka hadi Msambweni, mnakata mashamba kwa miguu hadi Munje, mnapanda tena baiskeli, kisha mnamalizia kwa mbio ufuoni Diani kabla jua halijazama.

Kila kituo kina bendera na mtu wa kumfunga kapteni wa timu utepe mkononi. Mkikosa utepe mmoja, mmetoka.

Timu ya kwanza ya wenyeji ingepata nafasi moja ya kazi ya kuongoza wageni. Nafasi moja tu.

Nafasi hiyo sikuitaka iwe yangu. Ilikuwa ya Twaiba.

Twaiba ni jirani yetu, tumekua pamoja. Mama yake alikuwa ameshampata wakala wa kumpeleka Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na safari ilikuwa Jumatatu. Twaiba hakutaka kwenda. Mama akamwambia ukipata kazi hapa, huendi. Usipopata, utakwenda kama walivyokwenda wenzako.

Mashindano yalikuwa Jumamosi.

Nikamwambia Twaiba aniachie mimi. Alinitazama kama mtu anayetazama paa linalovuja, lakini akakubali. Hakuwa na paa jingine.

Wa tatu alikuwa Randu, rafiki yangu wa chuo, Mduruma wa Kinango. Randu amekua akifuata ng'ombe wa baba yake juani. Haongei sana. Anakwenda tu.

Mimi nikajiteua kapteni. Hakuna aliyepiga kura.

Nikachapisha hata fulana: PAMOJA TUTAFIKA. Rangi ilianza kutoka kwa jasho kabla hatujatoka msituni.

Kwenye mteremko nilikuwa mbele, nikiwahutubia juu ya umoja. Nikageuka nyuma kuona kama wananisikiliza.

Hapo ndipo nilipoingia mtaroni. Na mtaro wenyewe ulikuwa umejaa upupu.

Kama hujawahi kuguswa na upupu, mshukuru Mungu wako. Nilijikuna hadi shingoni, nikajikuna mahali ambapo kapteni hajikuni mbele ya watu. Randu alinivuta kwa mguu mmoja, akachukua mkoba wangu, akasema, "Twende, kapteni. Utahutubia ukifika."

Ajabu ni kwamba tulikwenda vizuri. Tulipoingia Munje baada ya adhuhuri, timu zote za wenyeji zilikuwa nyuma yetu. Waliofuata karibu walikuwa vijana wa Ukunda wakiongozwa na Samuel, jamaa wa mazoezi, miguu kama nguzo.

Tuliiona bendera ya kituo imechomekwa chini ya mnazi. Mtu wa utepe hayupo.

Tukaita. Kimya.

Kisha, kwenye kona ya msikiti, likatokea jeneza.

Wanaume wengi, wanakwenda mbio mbio kama desturi, wanaleta kalima kwa sauti ya chini. Njia ilikuwa nyembamba. Nimelelewa hivi: jeneza hulipiti, wala hulikati. Unaweka bega japo hatua chache, unampa maiti haki yake, halafu unaendelea na safari zako.

Randu akanong'ona tuzunguke kwa nyuma. Nikamwambia hatua chache tu, nakuja.

Nikaingiza bega.

Sasa, mimi ni mrefu. Mbele kwangu kukainuka, nyuma kukashuka. Nyuma yangu akasimama bwana mmoja mrefu kama mimi, jeneza likakaa sawa, na kila mtu akaridhika. Kwa kawaida watu hupokezana. Mimi hakuna aliyenipokea. Nani aharibu mizani?

Kisha upupu ukaamka.

Mikono yote miwili inashika jeneza. Mgongo unawaka. Siwezi kujikuna, siwezi kuliachia, siwezi kupiga kelele. Nilichoweza ni kulia. Machozi yakanitoka, makamasi yakanitoka, mabega yakatetemeka.

Mzee mmoja pembeni akasikitika. "Makiwa, mwanangu. Wewe ni wa upande gani wa marehemu?"

"Mimi ni wa timu," nikamjibu.

Akatikisa kichwa. Nadhani alifikiri ni ukoo.

Nilifika nalo hadi makaburini. Bwana mrefu wa nyuma yangu akanitazama kuanzia kofia hadi suruali, akavua kikoi alichokuwa amejitanda mabegani, akanifunga kiunoni bila kusema neno. Nilitupa mchanga wangu pamoja na wengine. Na niwaambie ukweli, kufikia hapo upupu ulikuwa umepoa, lakini machozi yaliendelea. Sikumjua yule mtu. Niliona tu wanawe wakishikana mikono.

Tulipotoka, bwana mrefu aliuona mkono wangu wenye tepe. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa utepe wa kijani.

"Ndiye mimi niliyewekwa kituoni," akasema. Jina lake Mzee Abdurahman. "Marehemu ni ndugu yangu wa kunyonya. Ningekaa pale na bendera, yeye azikwe na nani?"

Akanifunga utepe, akaenda zake kukaa na wafiwa.

Nilirudi mbio, kikoi kinapepea. Randu alikuwa amekaa chini ya mnazi. Twaiba alikuwa barazani na akina mama wa msibani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka Kheri," akaniambia, "umeshamzika wa watu. Na mimi utanizika Jumatatu?"

Nikamwonyesha utepe wa kijani.

Timu ya Samuel ilikuwa imeshapita.

Sitawachosha na njia ya kwenda Diani. Mnyororo wa baiskeli yangu ulikatika, Randu akanivuta kwa kamba kama mbuzi wa Idi. Twaiba alitangulia mbele yetu, hakugeuka hata mara moja. Tulifika ufuoni jua likiwa limebaki kipande. Samuel na wenzake walikuwa wameshaoga, wanapigwa picha.

Judy, msimamizi wa mashindano, binti wa kutoka Nairobi, akaanza kukagua mikono.

Akafika kwa Samuel. Utepe wa kijani hakuna. Akatazama timu nyingine za wenyeji. Hakuna.

Akafika kwangu. Upo.

"Madam, tulifika Munje, hapakuwa na msee yeyote pale," Samuel akalalamika. "Tumeita mpaka tukachoka."

"Mbona hawa wanao?" Judy akanigeukia. "Kheri, kituoni palikuwa na mtu?"

Ndugu zangu, nilielewa papo hapo. Nikisema palikuwa na mtu, tumeshinda, na Twaiba haendi popote.

Kinywa changu, ambacho hakikufungwa tangu Shimba Hills, kikafungwa. Nikajikuna.

"Utepe nilifungwa na mzee mwenyewe," nikasema hatimaye. Si uongo. Wala si ukweli.

"Hapakuwa na mtu." Alikuwa Twaiba. "Mzee alikuwa mazikoni. Mimi nilikuwa barazani, nimewaona hawa wakifika, wakaita, wakangoja, wakapita. Hawakuiba njia."

Randu akainamisha kichwa. Mimi nilitamani mchanga unimeze.

Judy akasema kosa la kituo si la timu, akampa Samuel mkono. Nafasi ikaenda Ukunda.

Nilimsindikiza Twaiba nyumbani, nikamweleza mama yake kila kitu, na upupu pia. Nilitaka lawama ziwe zangu. Mama alisikiliza huku akigeuza viazi karai kwenye mafuta. Nilipofika pale Twaiba aliposema kweli, kijiko kikasimama.

"Yaani ulijua ukinyamaza unabaki?"

"Nilijua, mama."

"Na bado ukasema."

"Wangeonewa, mama."

Mama akaopoa viazi, polepole, kimoja kimoja. "Asiyejua kunyamaza hata kwa faida yake, nyumba ya watu ataikaaje? Bibi wa nyumba akimdhulumu mwenziwe, huyu atasema. Nitaletewa nini mimi, jeneza?" Akafuta mikono. "Mwambieni wakala atafute mtoto mwingine."

Twaiba alikaa chini palepale, kwenye majivu.

Kazi bado hajapata. Anauza viazi na mama yake, na mimi ndiye mteja mwenye maneno mengi kuliko pesa.

Nilichojifunza ni hiki. Timu haimjui mkweli wake kwa fulana wala kwa hotuba. Inamjua pale ukweli unapotaka kumla yeye mwenyewe. Mwenzako wa hivyo ukimpata, mwache awe kapteni, wewe beba mikoba.

Wiki ile nilikwenda Munje kumrudishia Mzee Abdurahman kikoi chake, nimekifua na kukipiga pasi.

Akakitazama, akanitazama, akanirudishia.

"Kaa nacho, mwanangu," akasema. "Mashindano yapo hata mwakani. Na sisi huku bado tunakufa."