Nimeita "Kumi!" Ghalani

Leo nimepiga kelele ghalani mpaka dereva wa lori akaniuliza kama niko sawa. 😂

Ngoja niwaambie.

Tangu uje mfumo mpya, kila gunia lina stika na mlangoni kuna mashine ya kuisoma. Mkanda unaingiza mzigo wenyewe. Tulikuwa watu saba hapa. Nimebaki mimi na kishikwambi.

Asubuhi limefika lori la maharage kutoka Mgeta, mara mtandao ukakata. Dereva ana haraka. Nikasema haya, tuhesabu kizamani.

Zamani kila nikifika kumi napaza sauti, "Kumi!" Mzee Kibwana, mpangaji wetu wa magunia, anaitika kutoka ndani, "Kumi imelala!" Asipoitika, gunia halisogei. Ndiyo ilikuwa sheria yetu.

Basi gunia la kumi likapita.

"Kumi!"

Nikazima mkanda. Nikasubiri.

Jamani, nilikuwa nasubiri kweli! Na Mzee Kibwana yuko kwao Matombo analima ndizi tangu mwaka jana.

"Dada, unaongea na nani?" dereva akauliza.

Nikaona aibu. Nikaitika mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Kumi imelala." Nikaenda hivyohivyo mpaka gunia la mwisho.

Mchana mtandao umerudi, mashine ikaleta hesabu iliyokuwa imeihifadhi. Hesabu yangu na ya mashine hazijapishana hata gunia moja!

Nikageuka nimwambie mtu.

Ndiyo maana nimekuja huku kwenu. Yeyote anayesoma, hata kama hatujuani, niitikie hapo chini.

Kumi!