Mahindi ya Mama Juu ya Jiko la Unga wa Mbao

Mwaka mama alipotutoka, swali moja lilininyima usingizi: mahindi yake tuyapande au tuyatunze? Yalikuwa mashada mawili tu, bado ndani ya maganda, yakining'inia kwenye dari la jikoni. Aliyavuna mwenyewe shambani kwetu Kasungami, akachagua yaliyojaa vizuri, akayafunga, na wiki chache baadaye hakuwepo. Nikiyapanda na mvua ikakatika, basi, yamekwisha. Nikiyaacha yazeeke, hayataota tena. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kazi sina, na kichwa changu kilikuwa na nafasi tele ya kuligeuza jambo moja mpaka lichakae.

Mama alizaliwa kule Mitwaba, na hakuacha jiko la kwao. Majirani zetu Lubumbashi walipikia makala, yaani makaa, kwenye mbabula, jiko dogo la bati. Yeye alikuwa na mawe yake matatu na kuni zake, na juu ya moto alitundika mbegu ya mwaka unaofuata, ili moshi ufukuze wadudu. Mwezi wa sita, baridi inapouma hadi kwenye mifupa, tulikaa mle jikoni sote watatu, mimi, baba na yeye, macho yakitutoka machozi kwa moshi, tukicheka. Kitenge chake kilinuka moshi hata kanisani. Zamani nilimwonea haya. Sasa nilikuwa naingia chumbani, nafungua sanduku lake na kuweka uso humo.

Baridi ya mwaka ule ilimkuta baba na kifua kibaya. Muuguzi alisema moshi umalizike nyumbani. Mbabula ndani ya nyumba niliiogopa zaidi. Mtu anafunga mlango apate joto, makala hayaonyeshi moshi wowote, na asubuhi haamki. Nilikuwa nikiamka mara kadhaa kuhakikisha kwamba hakuna hata jiko baridi lililobaki ndani. Mwishowe nikamwomba fundi wa kuchomelea anikatie pipa dogo, aweke kifuniko na bomba la kutoa moshi nje kupitia ukutani. Nililiweka jikoni, palipokuwa na mawe ya mama.

Kuni za jiko hilo zilikuwa unga wa mbao kutoka kwa maseremala wa barabara yetu. Unasimamisha chupa katikati ya pipa, unashindilia unga pande zote, kisha unachomoa chupa taratibu, linabaki tundu. Unawasha kwa chini, na unga unaungua polepole kutoka ndani. Siku ya kwanza niliuweka ukiwa na unyevu, ukafuka tu. Siku nyingine nikapewa unga wa mbao zilizopakwa vernis, ile vanishi ya kung'arisha, na baba akakohoa mpaka nikauzima kwa mchanga. Nikajifunza kuuanika na kuuchagua. Maganda ya karanga yaliwaka haraka yakaisha haraka. Magunzi makavu ya mahindi ndiyo yaliyoshika moto vizuri.

Baba aliletewa kiti chake karibu. Alilitazama lile pipa kama mgeni asiyesalimia.

"Bwana licencié," akasema, akinitania kwa shahada yangu, "moto yenyewe iko wapi?"

"Iko mu ndani, papa."

"Mu ndani. Na mi niko ku nje, nasikia baridi."

"Ngojea kidogo, itapata moto."

"Mama yako alikuwa anatuonyesha moto. We unatufichia."

Lakini joto lilikuja, na kifua chake kikapungua kukoroma. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilianza kuhisi nyumba inanikimbia. Kuta za jikoni ziliacha kunuka. Nilipofungua sanduku la mama, kitenge kilikuwa kitambaa tu. Kila kilichobaki cha harufu yake kilikuwa kimeshika njia, na hakuna moshi mpya wa kukirudisha.

Kabla mvua hazijaanza, nikaona unga mweupe juu ya kifuniko cheusi cha jiko. Nikajua ni majivu, bomba linavuja. Nikapangusa. Kesho yake ukarudi. Nikaziba maungio kwa udongo, nikayapitia kwa mshumaa kutafuta pumzi ya hewa, nikaanza kumsikiliza baba anavyopumua. Mwishowe nikapanda juu ya kiti ili nikague bomba linapoingia ukutani. Kichwa changu kikagusa mahindi ya mama, na ule unga ukanimwagikia nywele na mabega.

Nilichana ganda la hindi moja. Punje zilikuwa na matundu, na vidudu vyeusi vilitembea humo bila haraka. Nilikuwa nimeutoa moshi wote nje, na moshi ndio uliokuwa ukiyalinda.

"Papa, yanaliwa," nikasema.

Baba akanyoosha mkono, akapokea lile hindi, akalizungusha. "Yote?"

"Sijui."

"Basi tuone. Leta sahani."

Tulipukuchua hadi giza lilipoingia. Kuna mahindi yaliyokuwa matupu kabisa. Mengine yalikuwa na punje nzima upande mmoja tu. Mvua ya kwanza ilikuwa inapiga mabati, na ubaridi ukaingia. Baba akainama, akakusanya magunzi, akafungua kifuniko cha jiko.

"Hapana, papa! Hayo ni ya mama."

"Hii ni kuni, mwana," akasema. "Mbegu iko mu sahani."

Akayatia yote. Safari hii hakurudisha kifuniko upesi, na tukauona moto mpaka moshi ulipomkohoza, nikaufunika.

Nilibaki na ile sahani mapajani. Nikafikiria kuzificha punje kwenye chupa yenye majivu mpaka mwaka ujao. Nikafikiria kupanda nusu. Nikafikiria ukame, kuku wa jirani, na wezi wa mahindi mabichi. Kila nilipomaliza kufikiria, mama alikuwa bado hayupo.

Asubuhi udongo wa Kasungami ulikuwa mzito na laini. Baba alikaa pembeni, amejifunga koti, akinikosoa mistari yangu. Nilichimba shimo, nikatia punje mbili, nikafukia kwa mguu. Nikachimba lingine. Nilipanda zote.