Omena Ndani ya Sotet

Ogada alikuja Mogogosiek kwa msimu mmoja tu wa kuchuma majani chai, na msimu huo ukamla miaka thelathini na minane. Mashine za kuchuma zilipoingia shambani, wenzake walifunga virago wakarudi makwao. Yeye hakuwa na wa kumrudia: mkewe Bitutu alishazikwa, watoto wameshika njia zao. Akapanga chumba kimoja nyuma ya boma la Kipkirui, mzee wa Kipsigis mwenye ng'ombe watatu na mdomo usiochoka.

Kila Jumapili, baada ya kanisa, Kipkirui alimletea mursik kwenye sotet, kile kibuyu cha kugandishia maziwa, kisha akakaa. Hapo ndipo Ogada alipokuwa mtu tena. Alisimulia alivyovua ziwani ujanani: ngege kwa nyavu karibu na matete, mbuta kule kwenye kina, kwa ndoano zilizotiwa samaki wadogo walio hai.

"Mbuta mmoja alituburuta na mashua mpaka baba akaanza kuomba. Mkubwa kama ndama!"

"Hiyo ni urongo, Mzee," Kipkirui alicheka. "Ndama gani haina miguu?"

Kicheko hicho kilimtosha wiki nzima.

Basi Ogada akataka kurudisha wema. Kwao ziwani, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Alijua wazee wa hapa hawali samaki, lakini wajukuu wa Kipkirui aliwaona kwa macho yake pale sokoni Silibwet wakitafuna mbuta wa kukaanga. Akanunua omena, wale samaki wadogo wadogo wa ziwani, akawakaanga wakakauka, akawamimina ndani ya sotet na kuipeleka mwenyewe, huku akijipongeza. Miaka thelathini na minane, na bado mtu anaweza kuwa mgeni kiasi hicho!

Rodah, mke wa Kipkirui, ndiye aliyefungua kifuniko. Sotet ile alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na ameisugua ndani kwa mkaa wa kunukisha maziwa maisha yake yote. Shombo la samaki halitoki kwenye kibuyu. Aliibeba akaitupa shimo la taka, Ogada akiona.

Ogada alirudi jioni, kichwa chini. "Mama, nisamehe. Sikujua kibuyu kingeharibika."

"Hakuna shida, Mzee," Rodah akasema, na mlango ukafungwa taratibu.

Jumapili iliyofuata Ogada aliosha vikombe viwili, akamngoja Kipkirui mpaka jua likazama. Kesho yake akakuta maziwa yametundikwa kwenye ua, ndani ya chupa ya soda, ya kutumia na kutupa. Ikawa hivyo kila asubuhi. Hawakumnyima kitu, wala hakuna aliyemsema vibaya. Lakini yeye hakuwa na njaa ya maziwa. Alikuwa na upweke, na upweke ule ulimuuma hadi mifupani.

Siku moja aliamka mapema kuliko kawaida, ajifanye amekutana na Kipkirui pale uani kwa bahati tu. Alipofika, chupa ilikuwa imeshatundikwa, bado ina joto la ng'ombe, na nyayo za gambuti za Kipkirui kwenye umande zilikuwa zimeshageuka kurudi bomani.