Nilidai nimesoma riwaya ya majasusi, sinema yake ikaniumbua mbele ya mama wa mchumba

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sijapunguza aibu hata kidogo.

Naishi Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma. Nilikulia Kagera, ndiyo maana Kiswahili changu kiko hivi. Nina mchumba, Solange, mwalimu wa sekondari, msomaji kwelikweli.

Tulipoanza kujuana alinitajia riwaya ya ujasusi anayoipenda kuliko zote. Nikamwambia nimeisoma. Mara mbili.

Hiyo ya pili hata sijui niliiongeza ya nini.

Basi Jumapili moja mchana akanialika kwao tuangalie muvi iliyotokana na kitabu hicho. Kufika, mama yake yupo. Anauza vitenge, kila siku anavuka kwenda Goma na kurudi. Ndiyo kwanza ananiona, na nilijua bila yeye kukubali hakuna ndoa.

Mimi nilitegemea risasi. Wapi! Wazee wenye makoti wanatazamana. Mmoja anafungua faili, anasoma, anafunga. Anatazama dirishani. Nusu saa hiyo.

Mama akataka kujua msaliti kati yao ni nani, si nimesoma? Nikamwonyesha mzee mmoja mwenye kovu, nikaeleza kwa madaha jinsi alivyonunuliwa na adui. Dakika kumi baadaye mwenye kovu akafa akiwaokoa wenzake.

Nikasema kitabuni ni tofauti.

Halafu nikalala, wakuu. Siyo kusinzia. Kulala, mdomo wazi.

Kuamka, muvi imeisha. Msaliti alikuwa mzee mwingine, mpole, na Solange akaniambia mama alimtaja mapema kabisa. Nikamuuliza mama alijuaje.

"Pale mupaka naona batu kila siku," akasema taratibu kwa Kiswahili chake cha Goma. "Mutu wa uongo anakujibu mbele hujamaliza kumuuliza. Sawa vile we."

Nikakiri kwamba kitabu hicho sijawahi hata kukishika.

Nilidhani Solange atacheka. Hakucheka.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mwaka mzima nimengoja useme mwenyewe."

Hapo ndipo paliponiuma. Nikaomba msamaha, nikasimama niage. Mama akaniambia nikae. Akamtuma Solange alete kile kitabu, akanipa: niwe nakuja kila Jumapili kumsimulia kwa Kiswahili, maana yeye hasomi Kiingereza.

Nimeenda Jumapili tano sasa. Nikiruka ukurasa anagundua, ananirudisha. Na niseme ukweli, kitabu kinaenda polepole lakini kimenishika.

Juzi katikati ya sura akauliza wazazi wangu watakuja lini kujitambulisha. Nikamjibu kwamba sijawaambia chochote kuhusu Solange, naogopa maswali ya baba. Akasema niende nikawaambie wiki hiihii.

Nilichojifunza: neno "sijasoma" ni fupi sana, na lingeniokolea mwaka mzima.

Nawe uliwahi kujifanya unajua nini, na nani alikukamata? Mwenye ushauri wa namna ya kumuanza mzee wangu aanze yeye, nipo nje ya geti la wazazi wangu naandika hapa.