Udongo Mweupe Sandukuni

Mama Fortunée alikaa saa saba ndani ya ndege bila kwenda msalani, kwa sababu kijana wa kiti cha pembeni alikuwa amelala na kumzibia njia, naye aliona haya kumwamsha mwanaume asiyemjua. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwalimu wa darasa la pili huko Uvira, Kongo, na kabla ya safari hii alikuwa hajawahi kupanda kitu kinachoruka. Walimwengu wana vipaji vyao. Cha kwake kilikuwa kusema kweli. Aliwahi kumwambia padri, tena mbele ya kwaya nzima, kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu na hayakuwa na kitu. Tangu siku hiyo padri alifupisha, na watu wakamwogopa mwalimu kuliko padri.

Sasa mwoga alikuwa yeye. Jeannine, binti yake wa pekee, aliishi Uingereza, mtaa wa Sparkbrook, na mumewe Ruben, na siku hiyo saa tisa mchana madaktari wa jiji lao, Birmingham, wangempasua kumtoa mtoto. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, ya pili ikiwa na miezi saba. Jeannine alikuwa ameapa kwamba safari hii haingii chumba cha upasuaji mpaka mama yake amshike mkono. Fortunée alimjua mwanawe. Akishasema hapana, hata ng'ombe kumi hawamvuti. Na ndege ilikuwa imechelewa kuondoka kwa saa tatu nzima.

Ilitua saa sita na robo. Foleni ya pasipoti ikamla saa nzima, lakini pale hakukuwa na neno: viza ilikuwepo, barua ya Ruben ilikuwepo, muhuri ukagongwa. Alivuta sanduku lake akifuata mgongo wa abiria aliyetangulia, na mlango wa kutokea aliuona kwa macho yake. Hapo ndipo mwanamke mwenye sare ya forodha, mtu wa makamo, alipomwita kwa kidole na kumwonyesha meza.

Jina la ofisa huyo, Davinder, lilikuwa kifuani. Alifungua sanduku, akatoa kitenge, kingine, cha tatu, na katikati ya vitenge akakuta furushi la plastiki lililozungushiwa utepe wa gundi mara sita. Ndani mlikuwa na unga mweupe.

Ulikuwa udongo. Udongo mweupe wa kula, ule wanaoutafuna wajawazito wakishikwa na hamu. Wiki mbili nyuma Jeannine alikuwa amelia kwenye simu akiutaka, na mama yake akaununua sokoni ukiwa vipande vizuri, akaufunga kwa utepe usije ukachafua vitenge. Uzito wa mizigo ya watu ulikuwa umeviponda vyote isipokuwa viwili vitatu. Udongo huohuo unauzwa madukani Ladypool Road, karibu na kwa Jeannine, nyuma ya ndizi, peupe kabisa, lakini nani angemwambia?

Davinder alimpeleka chumba cha pembeni, akaweka simu mezani, na sauti ya mkalimani ikatoka humo. Ilikuwa ya kijana wa Nairobi aliyejitambulisha kwa jina la Tahlil. Akamuuliza kwa heshima, mama, kitu hiki ni nini?

Fortunée akafunga mdomo. Kumtaja binti yako na tumbo lake mbele ya mwanaume wa umri wa mwanao, tena usiyemwona hata sura, ni kumvua nguo mwanao hadharani. Akajibu kwamba ni kitu cha wanawake. Tahlil akatafsiri, Davinder akauliza tena, naye akajibu vilevile. Saa ya ukutani ilisema saba na dakika arobaini.

Ndipo akaona njia ya mkato. Huyu aliye mbele yake si mwanamke? Mwanamke mwenzake ataelewa bila maneno. Akachukua kipande kimoja kilichobaki kizima, akajipapasa tumbo, akamtazama Davinder machoni, akakitia mdomoni na kukitafuna mpaka kikaisha. Kisha akajipapasa tumbo tena.

Davinder aliruka kutoka kitini. Mara wakaingia wawili wengine, wakalitwaa furushi, wakamwambia Fortunée aweke mikono juu ya meza. Tahlil alikuwa akiulizwa maswali matatu kwa pamoja.

“Mama, sikiza,” alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa tulivu tena. “Hawa wanafikiria hizo ni drugs. Wanadhani umemeza ushahidi, na kwamba uko na nyingine tumboni. Wanapima huo unga, na wewe watakuweka hapa chini ya ulinzi. Inaweza kuwa mpaka kesho.”

Mpaka kesho. Fortunée akaitazama tena saa ya ukutani. Haya yake yote, malezi yake yote, yakaonekana upuuzi mtupu. Akamsimulia kijana yule kila kitu: mimba ya kwanza, mimba ya pili na yule mtoto aliyezikwa bila jina, damu, hamu ya udongo, kisu cha saa tisa. Alisema maneno ambayo mama hayatamki mbele ya mwanaume, na alikuwa akilia. Tahlil akatafsiri polepole, bila kuruka kitu. Davinder aliandika, lakini uso wake haukubadilika. Alisema wangoje kipimo.

Saa nane na dakika tano simu ya Fortunée ikaita mezani. Ofisa akaruhusu ipokewe kwa sauti ya juu, Tahlil atafsiri.

Alikuwa Ruben. Alisema hawangojei tena saa tisa, moyo wa mtoto unapungua, daktari anataka kuingia sasa hivi, na Jeannine amekataa kutia sahihi. Anauliza mama yuko wapi. Ruben alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima. Kisha simu ikahamia kwa Jeannine, naye hakusema kitu ila “Mama?”

Fortunée alitazama mlango uliofungwa, na ofisa aliyesimama mbele yake.

“Jeannine, niko mu njia,” alisema. “Nimesha kutoka ku aéroport, niko mu taxi, naona hata hôpital. Ingia, mwanangu. Ukitoka utanikuta.”

Simu ikakatika.

Davinder akauliza amesema nini. Tahlil akamwambia: amemwambia mwanawe ameshatoka, yuko njiani, anaiona hospitali. Ofisa akamwangalia yule mama aliyeweka mikono juu ya meza kama alivyoamriwa, akatoka. Dakika kumi na mbili baadaye alirudi na karatasi. Ni udongo mtupu. Udongo utabaki hapa, alisema, sheria ni sheria. Vitenge alikuwa akivirudisha sandukuni yeye mwenyewe, kwa haraka, bila kuvikunja. Akaandika jina la hospitali kwenye kadi ya kumpa dereva, akamfungulia mlango.

Fortunée alifika wodini saa tisa na nusu, akiwa na viatu vya safari na macho mekundu. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, mdogo lakini mzima, mikononi mwa Ruben. Jeannine alikuwa macho. Mama yake akamshika mkono, akaanza kukiri: simu ile, hakuwa njiani, alikuwa amezuiwa uwanja wa ndege, alikuwa amedanganya.

“Nilijua,” alisema Jeannine. “Mu ile simu sikusikia hata sauti ya gari. Mama, wewe haudanganyaka. Nilivyosikia umedanganya, nikajua mutoto anakufa. Nikatia sahihi.”